Kona Ambayo Haikuwepo

Ripoti ya polisi ilisema niligonga pikapu kwenye kona, nikiwa mbio, mvua kubwa ikinyesha. Katika hayo yote la kweli lilikuwa moja tu, kwamba niligonga pikapu.

Barabara ya Busia kwenda Tororo, mahali pale, imenyooka kama rula. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kununua vitabu vya darasa langu upande wa Kenya, nikirudi nyumbani na gari langu kwa mwendo wa kawaida. Mbele yangu pikapu iliyojaa muhogo ikapunguza mwendo, nami nikatoka ili niipite. Papo hapo ikakata kulia kuingia njia ya mashambani. Nikaupiga mlango wa dereva.

Dereva alikuwa mtu wa kijiji cha Petta, wa rika langu, aliyeajiriwa kubeba mazao kwa gari la tajiri wake. Alitoka kwa mlango wa pili, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Hakunitukana. Aliniuliza kama nimeumia.

Askari wa trafiki alifika tukiwa tumeshasukuma magari pembeni. Hakupima kitu. Aliandika akiwa amesimama, akaondoka. Nilipoisoma ile ripoti kituoni siku ya tatu, damu ilinichemka. Nilirudi tena na tena, mpaka mkubwa wake akakubali twende wote pale barabarani.

"Afande, nionyeshe hiyo kona," nilimwambia.

Akatazama huku na huku. Hakukuwa na kona. Akacheka kidogo, akafungua daftari jipya.

"Haya, mwalimu. Sema wewe sasa. Huyu dereva aliwasha indiketa?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara katika mawazo yangu. Mimi huvaa miwani ya kuonea mbali. Siku ya ajali ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kwa sababu walimu wenzangu walikuwa wakinitania kwamba imenizeesha, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikaona aibu kuivaa. Taa ya pikapu sikuiona. Lakini siku ile hata namba ya gari nisingeweza kuisoma. Jibu la kweli lilikuwa, "Sijui."

"Hakuwasha," nikasema.

Akaandika bila kuuliza tena. "Mwalimu hawezi kutudanganya," alisema, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ripoti mpya ikamtwisha kosa yule dereva. Leseni yake ikachukuliwa, na tajiri akampa gari mtu mwingine. Mimi nyumbani nilisimulia habari ya ile kona kama shujaa. Mke wangu aliwasimulia majirani jinsi nilivyosimama na haki yangu. Niliwaacha wasimulie.

Miezi ilipita. Jumamosi moja, sokoni Busia, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa yule dereva, anashusha magunia kutoka kwenye lori. Aliyabeba kwa bega la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado haujapata nguvu.

"Mwalimu, habari ya siku nyingi?"

"Nzuri," nilisema. Nilitaka kupita.

Akaweka gunia chini. "Mwalimu, nataka kukuuliza tu, si ugomvi. Ile taa mimi najua niliwasha. Lakini wewe ulisema haikuwaka, na wewe huna sababu ya kunionea. Labda ilikufa na mimi sijui. Kila siku najiuliza. Hata mke wangu ananiuliza. Wewe uliiona imezima kabisa?"

Laiti angenitukana. Alikuwa ameniamini mimi kuliko mkono wake mwenyewe ulioiwasha.

"Sikuiona," nilisema. "Sikuona kitu. Nilikuwa sina miwani."

Mwenzake akamwita kutoka juu ya lori, naye akainama, akachukua gunia lake, akaenda. Nilibaki nimesimama katikati ya njia ya watu, nikisukumwa huku na huku.

Jumatatu nilikwenda kituoni kuandikisha maelezo upya. Yule mkubwa alikasirika. "Mara ya kwanza ulikataa ripoti. Ya pili umeikubali. Sasa unaikataa tena?" Aliniweka kwenye benchi nusu siku, halafu akaandika, kila neno akilirudia kwa sauti ili wote waliokuwa mle ndani wasikie: hakuwa na miwani, hakuona taa, alisema uongo. Nikatia sahihi. Nikaadhibiwa, na nilistahili.

Leseni yake ilipoachiliwa, mimi mwenyewe nilimpelekea barua ya polisi, mpaka Petta. Nilimkuta ameketi nje na mkewe, wanamenya muhogo. Aliisoma kimya. Mkewe akamwambia aisome kwa sauti, akaisoma. Akamwambia arudie ile sehemu ya taa, akairudia.

Kisha mama yule akanigeukia. "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kuomba msamaha kwa maneno mazuri, lakini swali hilo sikuwa nimelijibu hata moyoni mwangu.

"Niliona aibu," nilisema.

"Aibu ya miwani," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Tajiri hakumrudisha kazini. Gari lilikuwa na dereva mwingine. Hilo aliniambia dereva mwenyewe, kwa upole, akinisindikiza hadi barabarani.