Kioo cha Mjomba, Posa ya Dada

Kioo cha mbele cha gari la mjomba kilipasuka Mwakirunge, nyuma ya lori la mawe. Kijiwe kisichozidi kokwa ya tende kiliruka kutoka kwenye lori, kikagonga upande wa abiria, na mjomba alipofika nyumbani Likoni ufa ulikuwa umeshatambaa mpaka mbele ya macho ya dereva. Gari lenyewe ni lile refu analopelekea wageni mbugani, la kisasa, lenye kamera nyuma ya kioo inayosoma mistari ya barabara na kupiga kelele dereva akihama njia. Nilitarajia atafoka. Hakufoka. Alilizunguka gari, akaniita, akasema kama mtu aliyeletewa zawadi:

"Kioo kimepasuka kwa wakati wake."

Juma lile lile wazee walikuwa wameleta posa ya dada yangu mkubwa. Kwetu baba hupokea wageni, lakini jibu hulitoa mjomba, na mjomba alikuwa amejibu kama ijibiwavyo posa: tupeni nafasi tujiulize. Kila mtu anajua maana ya kujiuliza. Watu hutumwa msikitini kwa mposaji, kwa majirani zake, kwa mwenye duka anakonunua sukari. Waliotumwa walikuwa wamesharudi, na walirudi na sifa tupu. Hilo ndilo lililomsumbua mjomba.

"Mtu asiyesemwa baya hata moja," alisema, "ama hajulikani, ama anajua kujificha."

Mposaji alikuwa fundi wa vioo vya magari, mwenye banda lake Magongo.

"Lipeleke kwake," mjomba akaendelea. "Nimeshampigia simu kwa jina jingine, na kioo ameagiza. Usiseme wewe ni nani. Keti umtazame. Sifa za msikitini nimezisikia, sasa nataka za kazini."

Alinichagua kwa sababu mbili. Posa ilipokuja nilikuwa Nairobi nikihangaikia cheti changu cha chuo kikuu, kwa hivyo fundi hakunijua kwa sura. Sababu ya pili ni tabia yangu. Nyumbani husema mimi hunusa maziwa hata yakikamuliwa mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, nilipewa kazi inayolingana na kipaji changu.

Asubuhi nilipokuwa nikilitoa gari, dada alikuja langoni na simu mkononi.

"Waenda wapi na gari la mjomba?"

"Kubadilisha kioo."

"Wapi?"

"Kuna mahali."

Alinitazama, kisha akatazama ufa. "Basi usimtazame mtu kama utazamavyo samaki sokoni," akasema, akarudi ndani.

Kumbe anajua. Na kama anajua, ana simu mkononi. Akimwambia fundi, basi kila jema nitakaloliona leo litakuwa mchezo wa kuigiza, nami nitarudi na ripoti ya uongo, na dada ataolewa na mwigizaji. Upande wa pili, dada alikuwa ameshakataa wawili kabla ya huyu, na huyu ndiye wa kwanza ambaye dada alimwambia mama habari zake kwa kinywa chake mwenyewe. Nikimtia doa mtu wa watu kwa dhana zangu, nitakuwa nimemnyang'anya dada mume. Nilipita barabara ya Dongo Kundu nikiyageuza haya na yale, polepole, na kila gari lilipopiga shimo nilikuwa na hakika nimesikia ufa ukisonga.

Banda la fundi lilikuwa kontena la buluu lenye paa la mabati mbele yake, vioo vimeegemezwa ukutani, baina yao mablanketi. Nilitegemea kumkuta mtu mpole, wa kuinamisha macho, kama sifa zake. Nikamkuta mfupi, mwenye sauti kubwa, shati amechomekea kana kwamba anakwenda benki.

"Karibu, karibu! Pole bwana. Lori la mawe hili, au mke?"

Mwenzake wa kazi, jamaa mnene kutoka bara, akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliweka akilini: hufanya mzaha juu ya wake kupiga watu. Je, mtu hufanya mzaha na jambo asilolijua?

Nikamwambia mimi ni dereva wa kampuni ya utalii. Akaitikia tu, akanionyesha kioo kipya. Nilikikagua kana kwamba nakijua. Juu katikati kilikuwa na kibandiko cha kushikia kamera, sawasawa na kile cha zamani. Nilikishika kwa kidole ili nisije nikasahau. Akaniletea soda. Nikaikataa, maana soda ni mwanzo wa hongo.

Wakaanza kazi. Walipitisha waya mwembamba chini ya kioo kibovu, fundi akaingia ndani ya gari, mwenzake akabaki nje, wakawa wanavutana kama watu wanaokata gogo kwa msumeno, na gundi ya zamani ikawa inakatika polepole kwa mlio wa kukwaruza. Nikaona huo ndio wakati wa kuuliza, mikono yake ikiwa kazini.

"Unaishi hapa hapa Magongo?"

"Hapa hapa."

"Peke yako?"

"Na mama yangu."

"Unaswali msikiti gani?"

"Ule wa nyuma ya soko."

"Una watoto?"

Waya ulisimama. Fundi alinitazama kupitia ule ufa, uso wake umegawanyika vipande viwili.

"Sina," akasema. "Inshallah."

Yule mwenzake hakuweza kujizuia. "Boss, kwani umekuja kutafuta kioo ama unatafuta bwana?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, na huko ndani nilikuwa natokwa na jasho. Tangu hapo fundi, aliyekuwa akiongea kama redio, alipunguza maneno. Kioo cha zamani kilipotoka wakasafisha ukingo, wakapaka gundi nyeusi, kisha fundi akanigeukia.

"Nenda kale bwana. Pale kwa mama ntilie pana wali wa nazi. Kutia kioo si kazi ya kutazamwa."

Kama kuna maneno ambayo mtu mwenye shaka hawezi kuyavumilia, ni hayo. Nilikwenda, lakini niliketi nikilitazama banda. Nilikuwa sijafika kati ya sahani ndege ikashuka kuelekea uwanjani. Pale ndege hupita chini hata vijiko hutetemeka mezani. Ilipopita, niliona fundi na mwenzake wamesimama mbele ya gari, wameshika kioo kipya kwa vile vishikio vya mpira vinavyonyonya, na hawasogei. Walikaa hivyo kitambo. Kisha wakakirudisha kioo ukutani, na fundi akafunika gari kwa turubali.

Nikaacha wali.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," fundi akajibu bila kunitazama. "Wameniletea kisicho chenyewe. Hakina mahali pa kamera. Kinakuja kingine sasa hivi."

Nilikuwa nimepagusa mahali pa kamera kwa kidole changu. Kidole chenyewe nilikuwa nacho pale pale mkononi. Basi mtu yule alikuwa akinidanganya, mchana, na uso mkavu. Nilihisi raha, ile raha mbaya ya mtu aliyeshuku akapata, kisha nikamkumbuka dada langoni na raha ikanitoka. Fundi akaenda nyuma ya kontena na simu. Nikajifanya natafuta kivuli.

"Leo leo," nilimsikia akisema. "Si kesho. Huyu hapa hawezi kungoja. Nasema leo, wallahi nitakuja kukichukua mwenyewe."

Huyu hapa ni mimi. Kwa nini mimi nisiweze kungoja? Nani kamwambia? Nikampigia dada, hakushika. Nikajiambia hashiki kwa sababu yuko kwenye simu na yeye. Kisha nikamwona fundi ameshamaliza simu yake, anakunywa maji.

Kioo cha pili kililetwa kwa tuktuk, kimefungwa blanketi kama mgonjwa. Walikitia mbele yangu, na safari hii fundi hakunifukuza. Kilikuwa sawa kabisa na cha kwanza. Wakasimamisha ubao wenye miraba myeusi na myeupe mbele ya gari, mwenzake akachomeka kimashine, wakaifundisha kamera kuona upya. Nikanyoosha mkono nipewe funguo.

"Bado," fundi akasema. "Gundi haijashika. Litoke jioni. Madirisha yabaki wazi kidogo, na milango isibamizwe mpaka kesho."

"Mkubwa wangu analitaka sasa hivi."

"Mwambie mkubwa wako amkasirikie fundi, asimkasirikie dereva."

Gari la mjomba, madirisha wazi, Magongo! Nililikalia macho. Lakini kukaa muda mrefu mahali pamoja humfanya mtu atazame na mengine, na jicho langu lilikwenda kwenye kioo cha kwanza, kilichofunikwa blanketi ukutani. Fundi alipokwenda kuswali alasiri, nililiinua blanketi. Kibandiko cha kamera kilikuwapo, kama nilivyojua. Nikashuka na kidole mpaka chini, na kwenye kona, ndani ya ule ukingo mweusi, nikagusa ufa usiozidi ukucha. Nikajaribu kukipiga picha kichwani kikiwa kimebandikwa garini. Ile kona ingeingia chini kabisa, ikafunikwa na plastiki. Wala mjomba, wala mimi, wala hiyo kamera, hakuna ambaye angeiona. Ingeiona barabara mbovu ya mwezi ujao, ufa ukatambaa, na sisi tungelaumu lori jingine.

Nililirudisha blanketi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Mtu amevunja, amedanganya, na amekataa kutubandikia kibovu. Hilo linaandikwaje kwenye ripoti?

Jua lilipolegea fundi alikuja na funguo, akakaa kwenye benchi kando yangu.

"Hukuuliza bei," akasema.

"Eh?"

"Tangu asubuhi. Umeniuliza naishi na nani, naswali wapi, nina watoto au sina. Bei hukuuliza. Dereva wa kampuni gani huyo, mlamu?"

Mlamu kwetu ni shemeji. Masikio yaliniwaka moto.

"Dada amekwambia?"

"Dada yako tangu jana hashiki simu yangu. Nilikujua ulipouliza watoto."

Nikahesabu nyuma. Swali la watoto lilikuja kabla ya wali, na wali ulikuja kabla ya ndege. "Kwa hivyo ulipokipasua kile kioo..."

Alitupia jicho blanketi. "Umekiona."

"Nimekiona."

"Nilikigongesha kona kwenye chuma cha gari. Sijawahi kuvunja kioo kipya mimi. Lakini nilijua pale kwa mama kuna mtu anakula wali kwa mkono, na kunila mimi kwa macho."

"Mbona basi ulinidanganya?"

Alivutavuta ukosi wa shati lake.

"Ungemwambia nini mjomba wako? Kijana anayetaka binti yenu, nimemkuta kavunja kioo. Nilitaka ukute kioo kizima tu." Akanitajia bei. Nilisita, nikingoja apunguze. "Sipunguzi," akasema. "Nikikupunguzia leo utasema nimekuhonga."

Nilirudi na Dongo Kundu, mbele yangu peupe kabisa, bila ufa, na shaka mpya imeshaota. Sawa, hakubandika kibovu. Lakini alishanijua. Je, kama angekuja mteja mwingine, asiyemtazama, angekibandika?

Mjomba alikuwa uani. Baba hayupo, mama yupo msibani jirani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Haya, sema." Nikasema yote, bila kuficha wali wala blanketi, na dada alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, hajifichi.

"Alikudanganya?" mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe ulimwambia u nani?"

"Dereva."

"Ehe. Sasa wasemaje? Nilikutuma wewe. Tumpe au tusimpe?"

Nilifungua kinywa. Kila jibu lilikuwa na jibu lake nyuma. Nikasema ile shaka ya njiani: kwamba alijua anatazamwa, kwa hivyo hatuwezi kujua.

Husemwa kuwa kimya cha mwali ndicho jibu lake. Dada yangu hakunyamaza.

"Ule ufa," akasema, "kama angekibandika kile kioo, ungeuona?"

"Nisingeuona."

"Wewe, unayenusa maziwa?"

"Hata mimi."

"Basi alikuwa akitazamwa na nani?" Akaupiga mwiko kiganjani. "Mtazamaji mwenyewe asingeona kitu, na kioo kakiacha ukutani. Kwamba kaona haya kusema, hilo nitamfundisha mimi. Mjomba, mimi nimeridhia."

Mjomba aliinuka, akaliendea gari, akafungua mlango wa dereva, akaketi, akakitazama kioo kipya kwa muda mrefu kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akashuka na kuushika mlango ili aubamize, kama abamizavyo siku zote.

"Polepole, mjomba!" nikaruka. "Isibamizwe mpaka kesho, gundi bado!"

Mkono wake ukasimama hapo hapo mlangoni. "Nani kasema?"

"Mlamu," nikasema.

Mjomba alinitazama, akamtazama dada, kisha akausukuma mlango taratibu kwa viganja viwili mpaka ukajifunga wenyewe.