Kikohozi Porini

Baba yake Neema alikuja Houston kwa ajili ya posa yangu, akakaa wiki mbili bila kuigusia. Alizungumzia Songea, akazungumzia baridi ya kiyoyozi, na zaidi ya yote akawalaani nguruwe pori waliomaliza mahindi yake. Kisha akaona kwenye simu ya Neema Wamarekani wakiwinda nguruwe usiku kwa darubini zinazoona joto. Akasema anataka kwenda, na mimi ndiye nimpeleke. Nikajua huo ndio usaili wangu.

Jumamosi alasiri tuliondoka Sharpstown, mtaa mmoja wa Houston. Nilichomekea shati, maana huwezi kwenda na baba mkwe mahali, hata porini, umevaa kihuni. Mzee Komba alikaa mbele na kofia yake ya pama magotini, mimi nimekamata usukani kama niko kwenye mtihani wa leseni. Njiani tulisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kuliko soko la kwetu. Akanunua mfuko mzima wa nyama kavu ya pilipili, akaumaliza peke yake. Ningemwonya, lakini mkwe haonywi kuhusu tumbo lake.

Jua lilipozama tulifika shambani kwa mwenyeji wetu, mzungu mmoja mpole aitwaye Dale. Alitupandisha kwenye kigari cha wazi, Mzee nyuma, sisi mbele. Akanipa bunduki yenye darubini ile, akawasha skrini ndogo ili naye aone ninachokiona. Sharti lake lilikuwa moja tu: hakuna kushuka bila kumwambia. Darubini ile, jamani, haina habari na giza! Ng'ombe, sungura, chochote chenye uhai kinatokea cheupe pee.

Usiku ulipokolea, pembeni ya korongo, Dale akanigusa bega. Kichakani palikuwa na kitu kinene, cheupe, kimeinama chini chini. Dume kubwa hilo, akanong'ona, piga. Nikaweka kidole. Nikilipata hili, nilijiambia, Neema ni wangu.

Ndipo lile dume likainua mkono, likavua kofia, likaitundika kwenye tawi.

Nikageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameshuka kimyakimya, kwani nani anamuaga mkwewe kwa shughuli kama hiyo?

Nikatoa kidole haraka. Sasa nimwambieje Dale? Nikisema, nimekiri kwamba nimemwona baba mkwe akijisaidia, tena kwenye skrini, tukiwa wawili. Nisiposema, Dale tayari anachukua bunduki yake. Basi nikafanya kile anachokijua kila aliyelelewa na choo kisicho na mlango. Nikakohoa.

Kichakani, dume likakohoa pia. Mara mbili, kistaarabu, yaani pana mtu.

Dale akashusha bunduki polepole. Ng'ambo ya korongo kundi zima la nguruwe wa kweli likatimka, na hatukuliona tena. Nilimwambia yule wa kichakani ni mgonjwa wa kifua, hafai kuliwa. Akanitazama, akatazama kiti kitupu, akazima skrini. Nitamshukuru mpaka nife.

Mzee alirudi, kofia kichwani, akauliza kama tumeona chochote. Nikamwambia hapana, baba.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilijua posa imekwisha, nikajifunza kwa uchungu kwamba kabla ya kushika bunduki unahesabu kwanza watu garini. Tulipokaribia Alief, mtaa wa jirani, Mzee akafungua mdomo.

"Kile kikohozi, kijana. Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu, baba."

Tukafika nyumbani. Neema alitufungulia mlango na khanga yake ya kulalia, akauliza nguruwe wako wapi.

"Hatukuona kitu," alisema Mzee, akimpa kofia. "Na huyu mwenzio usiku haoni kabisa. Mwambie wazee wake waje."