Hawa Wamefiwa na Nani?

Watu wa kanisani kwetu Masukulu walimsifu mama kwa kutolia baada ya baba kufariki. Walisema ana imani. Mimi nilikuwa binti mkubwa tayari, nimemaliza shule na niko nyumbani, na niliona wazi kwamba walikuwa wanasifu ugonjwa. Mama halii, haongei, na chakula akipewa anakigusagusa kisha anawamwagia kuku. Alikonda mpaka nikaanza kuogopa kwamba tutamzika na yeye. Wengine, wale wenye midomo, walisema hakumpenda mumewe. Loo, hao ningewakuta bombani siku moja!

Kilichomkaba tulikijua. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, kwenye chumba cha kukaushia majani. Ndiyo ile miaka ya soko huria, mali zinabadilisha wenyewe, na kila mwenye mali mpya anaanza kwa kupunguza watu. Baba akapunguzwa. Hakutuambia. Aliendelea kuamka alfajiri, mama anamfungia ndizi na maharage kwenye bakuli la bati, anaondoka, jioni anarudi na bakuli tupu na kulalamikia mgongo. Masika yale yakampa nimonia, ikammaliza.

Ukweli tuliusikia msibani, mbele ya watu wote. Mwenzake wa kiwandani, mtu mwema kabisa, alisimama kutupa pole. Akasema tangu wapunguzwe kazi pamoja, alikuwa akimwona marehemu kule Nkunga, ameketi kwenye baraza la duka lililofungwa, mvua inanyesha. Mama alikuwa ameanza kulia. Akanyamaza palepale, na hakulia tena.

Kanisa nalo likamsaidia kunyamaza. Zamani kwetu msiba ulikuwa na ngoma yake: wanaume wanakanyaga ardhi na mikuki mkononi, wanagombana na kifo, wanawake wanapiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Tukaambiwa huo ni upagani. Basi kwaya ikaimba polepole, mimi nikiwa kwenye alto, tukamzika baba migombani kwa ustaarabu mkubwa. Ustaarabu ule unaniudhi mpaka leo.

Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Ibighi, kwenye kibanda cha kurekodi kanda. Unakwenda na kanda yako, unachagua nyimbo za Kikongo au za kwaya, wanakurekodia. Kanda mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo tajiri wake alinunua za zamani, wakaziba kwa karatasi vile vitundu vinavyozuia kanda isifutwe, na kurekodi juu yake. Mwalimu mmoja wa Kizungu, wa kujitolea, alipokuwa anarudi kwao aliwaachia boksi zima. Zote zilifutwa, isipokuwa moja ambayo kaka aliificha mfukoni. Aliniambia muziki ule unaitwa panki. Nikamcheka, maana panki niliyoijua mimi ilikuwa mtindo wa kunyoa nywele.

"Na si panki hivi hivi," akasema. "Hii ni ile kali."

Jumamosi moja mchana alikuja nyumbani na redio ya kazini. Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika karibu na mafiga mpaka zikapata nguvu kidogo. Mvua ilikuwa imekatika. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mgongo ametupa sisi. Bibi, mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage.

Kaka akabonyeza. Jamani! Ngoma zilikuwa zinakimbia hovyo, magitaa yanakwaruza, na juu yake mwanamume anapiga kelele hadi unaogopa koo lake litachanika. Wimbo unaanza, kabla hujakaa vizuri umekwisha, unakuja mwingine una hasira kuliko ule. Nikamwambia kaka azime, huu si muziki, ni ugomvi. Lakini Bibi alikuwa ameacha kuchambua maharage.

"Hawa wamefiwa na nani?" akauliza kwa Kinyakyusa.

Kaka akacheka. "Hawajafiwa, Bibi. Wamekasirika tu."

"Wewe umezaliwa juzi, unajua nini? Mtu halii hivyo bila maiti. Anasemaje?"

Kiingereza cha kaka kilikuwa cha kuokoteza, lakini alitega sikio. "Anasema walimwambia avumilie, akavumilia. Sasa wanamwambia hawamtaki tena. Anasema ni waongo."

"Ni waongo kweli," Bibi akasema. Akaigeukia redio. "Poleni, wanangu. Poleni sana. Semeni tu."

Kisha akaweka ungo chini, akasimama. Mguu wa kwanza ulikanyaga polepole, wa pili ukafuata, na mara bibi yangu, mzee wa kanisa, mwenye magoti mabovu, alikuwa anaitwanga ardhi ya ua wetu kama walivyofanya kaka zake ujanani, mkono juu kana kwamba ameshika mkuki. "Mwanangu!" alipiga kelele. "Nimekuzika kimya kimya kama kitu cha wizi! Ee Kyala, Mungu wangu, mwanangu!"

Nilitaka kumshika asianguke. Hapo mama akatoka jikoni. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu, na macho hayakuwa kwetu, yalikuwa kule migombani kwenye kaburi.

"Ulikuwa unakula wapi chakula changu?"

Tulishtuka. Ilikuwa sauti ambayo hatujaisikia tangu masika.

"Nakuuliza wewe! Kila asubuhi nakufungia! Jioni nakuuliza kazi, unasema nzuri! Watu wa Nkunga wanajua, mimi mkeo sijui! Ulidhani nitakucheka? Ungerudi nyumbani! Ungerudi tu ukakaa, tukalima! Nani alikwambia mimi niliolewa na kiwanda?"

Kaka, kwa woga, akanyoosha mkono kuzima redio. Nikampiga kofi mkononi. "Acha!"

Mama akapiga yowe. Refu, kubwa, likapita mashamba yote hadi bondeni. Halafu akaketi chini kwenye matope na machozi yakamtoka, mengi, pamoja na kamasi, bila kujifunika uso. Bibi akaenda akakaa naye, wakashikana. Mimi nililia nimesimama, nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja, na sioni aibu kulisema. Kwaya yetu haikuweza kumpa mama nafasi hiyo, waliompa ni watu wasiojua hata Masukulu iko upande gani.

Yowe kwetu halipuuzwi. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakimbia. Betri zilikuwa zimeshakufa na redio imenyamaza wakati majirani walipoingia uani, wanawake kwa wanaume, majembe begani, wanahema.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

Bibi hakuwa na pumzi. Nilifungua mdomo niseme hakuna msiba, poleni kwa usumbufu, rudini tu shambani. Mama akaniwahi.

"Mume wangu," akasema. "Mume wangu amekufa."

Hakuna aliyemwambia kwamba walikuwepo kwenye maziko. Waliweka majembe chini, wakaketi naye matopeni, wakaanza kulia.