Nilimpandisha Papa kilimani aone mgongo wa ndege, neno "lobi" nusura liturudishe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Leo sina swali wala sitafuti ushauri. Nina furaha tu, na nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Ninayoandika yametokea kweli Jumamosi iliyopita, na matope bado yako kwenye viatu vyangu hapa mlangoni.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mangobo, Kisangani. Watu wa Moshi mkisikia nimepanda mlima mtanicheka, maana huku ni msitu na mto tu. Chekeni. Kilima chetu kipo, na kilinitoa jasho.

Papa wangu kazaliwa milimani, Kivu ya Kaskazini. Alikuja huku kuuza maharage, vita vikamfungia njia ya kurudi. Miaka yote ana lalamiko moja:

"Huku munaona ndege tumbo tu. Kwetu tulikuwa tunaona mugongo yake."

Yaani anataka asimame juu, ndege wapite chini yake. Basi.

Sasa goti limechoka. Mwezi huu daktari kamwambia asahau vilima kabisa, bado kidogo na ngazi zenyewe. Nikajua kama ni kumpeleka, ni safari moja tu.

Asubuhi tukavuka daraja la Tshopo kwa pikipiki, tukaenda hadi njia ilipoishia. Hapo tukampata Tonton Lifoli, mwindaji wa zamani, akakubali kutuongoza.

Matope, wakuu! Unaenda mbele, kiatu kinabaki nyuma. Mimi nilianguka mara tatu. Papa, na goti lake hilo, hata mara moja! Anakanyaga kisigino kwanza, fimbo mkononi, huku ananicheka: "Mutoto wa lami!" Lami yenyewe kwetu Mangobo iko wapi?

Kijito cha kwanza tulivuka juu ya mawe. Cha pili maji yalifika magotini, ya baridi, nikapiga kelele kwa raha. Juu kidogo miti ikaachana, tukauona msitu wote chini yetu, unatoa ukungu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Papa akatazama chini muda mrefu. Hakuna ndege.

"Bon, tuendelee."

Tonton akabaki nyuma kumkatia fimbo ya pili. Sisi tukatangulia hadi kijito cha tatu, na hicho hakikuwa kijito tena. Mvua ilikuwa imekijaza, maji ya kahawia yanakimbia, daraja la miti limekatika.

Akatokea mama mmoja vichakani, kabeba mzigo wa mihogo mgongoni, anahema. Mimi ninayejisifu kwa Lingala nikamuuliza, "Mama, pont?"

Akajibu neno moja, "Lobi," akapita zake.

Nikamtafsiria Papa: "Anasema kesho. Daraja watajenga kesho."

Papa akakaa juu ya gogo, akashika goti lake. "Basi, mama," akaniambia polepole, maana mimi bintiye huniita hivyo. "Pale tumefika inatosha. Turudie."

Roho iliniuma sana. Kwa goti lile hapakuwa na kesho. Tukageuka.

Hatukwenda mbali, tukakutana na Tonton. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaegemea mti.

"Lobi ya jana, ma fille! Walimaliza jana! Pont mupya iko kule juu, nyuma ya kona!"

Kwa wasiojua: kwa Lingala, jana ni lobi na kesho ni lobi. Kitenzi ndicho kinakuonyesha ipi. Yule mama hakunipa kitenzi, nami sikujiuliza mbona kitenge chake kikavu, na mashamba ya mihogo yako ng'ambo.

"Na wewe unasema unajua Lingala!" Papa akanigombeza, lakini alikuwa ameshasimama.

Daraja lilikuwa miti mitatu mibichi, bado inatoa utomvu. Papa alipita wa kwanza.

Kileleni kuna mwamba. Tulikaa, tukangoja. Mto uling'aa kwa mbali. Ghafla tukasikia kelele za kasuku, lakini zinatoka chini yetu! Kundi zima likapita juu ya miti, migongo ya kijivu, mikia myekundu.

Papa akavua kofia. "Mugongo," akasema. "Ona, mama. Mugongo." Nililia bila aibu.

Funzo langu: ukijibiwa lobi, uliza lobi gani, hasa ukiwa na mtu asiye na kesho ya kupoteza. Na ninyi, ni neno gani lilitaka kuwarudisha njiani? Andikeni hapa chini, nasoma yote. Watu wa Moshi, taratibu tu.

Leo goti limevimba, namkanda kwa maji ya moto. Kaniuliza tutarudi lini kilimani.

"Lobi," nikamjibu.

"Ya mbele ao ya nyuma?"

Nikachovya tena kitambaa. Akanipigapiga mkono. "Hakuna neno, mama. Ile ya nyuma tuko nayo."