Kupima Nyuma ya Mwalimu

Mume wangu hajui kukaa. Tangu astaafu karakana ya malori, alikochonga vyuma kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna kiti cha nyumba hii kilichopata joto lake. Chai anaianzia sebuleni na kuimalizia stoo, na kikombe nakuja kukiokota juu ya tangi la maji. Mtaani wanamwita Milimita. Jina hilo amelipata kihalali: aliwahi kumrudishia seremala mlango wetu mara tatu kwa sababu ya upenyo ambao mimi, fundi cherehani mwenye macho mazima, sikuuona.

Sasa ana gari. La michezo, la viti viwili, pua ndefu na paa la turubai, limetoka kiwandani kabla hatujaoana. Daktari mmoja wa meno aliyekuwa akihama alimwachia akisema, "Wewe tu ndiye hutaliua." Maneno hayo yamenitesa mimi kuliko yeye. Majirani wakiniuliza habari za nyumbani, nawajibu kwamba mke mwenza hajambo, anatoa moshi wa bluu tu.

Kwa ajili ya moshi huo aliamua kuifungua injini yote na kuijenga upya. Fundi mwingine angeshika spana, yeye alishika penseli. Mpango uliandikwa, ukafutwa, ukaandikwa tena: ringi zifike lini, gasketi zitoke wapi, boliti ipi ifunguliwe kabla ya ipi. Nakala ya nne aliibandika ukutani juu ya cherehani yangu, kwa hiyo nikawa nashona sketi za watu huku nasoma habari za valvu. Hatimaye injini ilishushwa na kuchambuliwa. Krenkshafti, kile chuma kizito chenye viwiko ambacho pistoni zote hukizungusha, ilikuja kusimamishwa kwenye kona ya chumba chetu cha kulala, imefungwa blanketi lenye oili. Haitakiwi kulazwa, alisema, itapinda.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe umeshapinda zamani," akanijibu. Siku hiyo tulicheka sana.

Kucheka kuliisha tulipofika kwenye kupima. Krenkshafti ina shingo za mviringo zinazokaa ndani ya beringi. Zikiwa mviringo kamili, unazing'arisha kwa msasa laini na kazi inaendelea. Zikiwa zimelika upande zikawa kama yai, lazima zichongwe. Sasa hii yetu ilikuwa imeshachongwa mara mbili huko nyuma, na ngozi yake ngumu imebaki nyembamba. Ikichongwa tena ngozi itaisha, na chuma kitakuja kukatika siku moja gari likiwa mwendoni. Nyingine haipatikani. Alipiga simu na kuandika barua kila alikosikia kuna gari kama hilo, na kote alijibiwa kwamba hata wao wanaitafuta.

Kwa mafundi wa vyuma, kupima kuna utaratibu. Mmoja anashika maikromita, kile kipimo kinachobana chuma na kusoma unene wake, na kutaja namba kwa sauti, mwingine anaandika. Mwandishi haruhusiwi kumwonyesha mpimaji daftari mpaka shingo zote ziishe, tena kwa duru tatu. Mkono ukiijua namba ya kwanza, wanasema, unaibembeleza ya pili ifanane nayo. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza.

Jumamosi ya kwanza shingo ya mbele ilikuwa yai. Jumamosi ya pili ilikuwa mviringo. Ya tatu ikawa yai, lakini yai la upande mwingine. Nilipompa daftari alilaumu maikromita. Akaipeleka ikakaguliwe, ikarudi nzima. Akalaumu joto, eti chuma kinatanuka, tukaanza kupima alfajiri nimejitanda shuka, meno yanagongana. Akalaumu mwandiko wangu. Hapo nilimrushia penseli.

Lakini nilikuwa nimeuona mkono. Maikromita inataka kushikwa sawasawa na kutulia. Ikilala hata kidogo tu, namba inadanganya. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, si sana, kama mfuniko wa sufuria maji yanapoanza kuchemka. Ndipo nikaelewa kwa nini miezi hii kutotulia kwake kumezidi. Mtu akiwa anatembea, nani ataona kwamba anatetemeka? Nilimkasirikia kwa kunificha, nikaogopa, na nikanyamaza. Kila siku nilijiambia nitasema kesho.

Nikiwa bado nasubiri kesho, yeye akakata shauri kwamba krenkshafti yote ni mbovu. Akanakili namba za daftari kwenye mpango ule wa ukutani na chini yake akaandika, safari hii kwa wino: ichongwe Jumatatu. Akampigia simu mwanafunzi wake.

Mwanafunzi huyo ana wajukuu wawili na karakana yake mwenyewe, lakini mume wangu bado anamwita Kijana. Alifika na pikapu saa mbili asubuhi, akasoma karatasi ukutani, akairudia. Mume wangu alipotoka kutafuta kamba, akanigeukia.

"Mama, hizi namba kapima mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ikichongwa hivi, ndiyo tumeizika."

"Si uipime basi!"

Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Mimi? Nipime nyuma ya Fundi?"

Kwao hilo halipo. Kurudia kupima alichopima aliyekufundisha ni kumwita mwongo, au kumwambia kwamba amekwisha. Kwa adabu yake hiyo, Kijana angeipandisha krenkshafti kwenye mashine na kuiua huku machozi yakimlengalenga, na asingesema neno. Wanaume hawa na vyuma vyao! Kwa dakika nzima niliwachukia wote wawili.

Mimi sina mwalimu. Mume wangu aliporudi na kamba alinikuta chumbani nimeshafunua blanketi, maikromita mkononi, na Kijana amesimama mlangoni hajui aingie au akimbie.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Napima. Wewe shika daftari."

"Hiyo si futi ya cherehani."

"Miaka yote hii nakuangalia. Shika daftari, baba watoto."

Alimtazama Kijana. Kijana akatazama dari. Mume wangu akalishika daftari.

Nilipoikumbatisha maikromita kwenye shingo ya kwanza, nilijua kwamba naweza kudanganya. Ningeilaza kidogo tu, namba zingekuwa ovyo kama zake, krenkshafti ingekufa na yeye angebaki Milimita. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikainyoosha.

"Arobaini na tisa, nukta sabini na nne," nikasema. Nikageuza upande. "Arobaini na tisa, nukta sabini na nne."

Shingo ya pili, ya tatu, ya nne. Duru ya pili. Mwanzoni alikuwa akiitikia "ndiyo" kila namba, baadaye akaacha. Katikati ya duru ya tatu sikusikia tena penseli ikikwaruza.

"Andika," nikamwambia bila kugeuka.

"Ya nini?" akasema. "Ni ileile."

Sijawahi kumsikia akimwambia mpimaji kilichomo kwenye daftari. Niligeuka nikamwona amesimama wima, mahali pamoja.

"Kijana," akasema, "usiichonge. Msasa laini tu."

"Sawa, Fundi."

"Lakini ipime kwanza."

"Fundi, hapana. Mama ameshapima."

"Mama si wa kazi hii. Na mimi..." Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu, akauacha hapohapo mpaka wote tukauona vizuri. "Mimi ndiyo hivi. Pima."

Kijana alinipokea maikromita, akapiga goti mbele ya krenkshafti, akajifuta macho kwa kiwiko. Mume wangu alifungua ukurasa mpya, akaibana penseli kwa mikono miwili, akasubiri kutajiwa namba.