Betri Mbili Nilizoongeza Kwenye Redio ya Kijiji

(Jina la msomaji huyu tunalo. Tumelificha kama alivyoomba.)

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Mafia. Kijiji sikitaji, ila kiko kaskazini, na ukitembea kidogo tu unauona mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Sijaoa. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali mimi na mwalimu tulichokana. Nipe kitu chochote chenye nyaya, baada ya saa mbili ama kitafanya kazi ama hakuna fundi mwingine atakayekiweza tena. Wenzangu huniita Injinia. Wengine wananikejeli, lakini wananiita.

Huu mwezi wa pili situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui niende wapi, wali ukiletwa naugeuzageuza tu.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipewa redio moja, ya kusikilizia masomo ya watu wazima na taarifa ya habari. Ikawekwa kwa bibi yangu mzaa mama, kwa kuwa nyumba yake ina kufuli na yeye mwenyewe haazimishi kitu cha watu. Siku ya kukabidhiwa wengi walidhani ataweka dole gumba. Bibi akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, ulimi nje, mara yake ya kwanza kuandika mbele za watu. Kisha katibu akasoma kilichoandikwa juu ya jina hilo: redio ikiharibika, mtunzaji ndiye wa kujibu.

Redio yenyewe inakula betri sita, na mgongoni imeandikwa volti tisa. Nilisoma, msidhani sikusoma. Shida ni kwamba huku matangazo ya Dar es Salaam yanafika yamechoka. Wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi msimu wa samaki, walikuwa wanakaa nyuma hawasikii kitu. Wakaanza kunisema mbele ya wasichana, eti Injinia gani huyu, redio ya kwao inanong'ona. Kiburi kikanipanda. Nikawaza, betri zikichoka sauti hushuka, zikiwa mpya hupanda, je, zikiwa nane? Nikakata kipande cha mwanzi, nikatumbukiza betri mbili za ziada, nikaunga kwa waya, nikavificha ndani ya sanduku la mbao nililoichongea redio. Nikawaambia watu sanduku ni la kuzuia vumbi.

Wallahi ilinguruma. Mvuvi mmoja aliyekuwa akioga kisimani alikuja mbio na povu masikioni. Nikiulizwa nimefanya nini najibu nimeirekebisha kwa ndani, mambo ya kitaalamu hayo, hamtayaelewa. Wiki haikwisha kamati ikakaa. Kijiji kina nafasi moja ya kumpeleka kijana bara kusomea ufundi wa redio, na jina lililopita ni langu. Naondoka baada ya Idi.

Aliyegundua kwanza ni bibi. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, kwa hiyo hata akikuonya anakutania. Nilimkuta ameweka kiganja juu ya redio kama anayempapasa mtoto paji la uso.

"Mume wangu," akasema, "mke mwenzangu huyu ana homa."

Nikamwambia mwenye nguvu lazima apate joto, hata yeye akitwanga hutoka jasho. Akacheka, akaniamini.

Mimi sikujiamini. Nikadandia lori la nazi hadi Kilindoni kwa fundi mmoja mzee, nikamhadithia habari za rafiki yangu wa Kisiwa cha Bwejuu aliyeongeza betri mbili. Akanitazama juu ya miwani, jina la rafiki asiulize. Akanieleza kwamba ile tisa si ya kuanzia, ni ya kuishia. Betri mpya huzidi kidogo na redio huvumilia, lakini kumi na mbili si kidogo. Transista, vile vidude vya ndani, havifi siku hiyohiyo, ndiyo maana watu hudanganyika wakaona mambo ni shwari. Nikauliza, akizitoa sasa, je, itapona?

"Haiponi. Itaacha kuumia tu," alisema. "Umri uliokwisha kuliwa haurudi. Redio ya miaka kumi ameifanya ya mwaka, labda ya miezi. Ikianza kuchachatika kama samaki kwenye mafuta, mwambie rafiki yako ajiandae."

Wasomaji, inakaanga samaki tangu wiki iliyopita.

Nilizitoa betri zile mbili siku moja. Sauti ikashuka, wavuvi wakaguna, na mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu kulikoni, naye barua ya jina langu la chuo anaipeleka kesho. Nikasema ni uchafu tu. Kesho yake nikazirudisha. Hilo ndilo linalonitafuna. Mara ya kwanza nilikuwa sijui, mara ya pili nilijua.

Nikiondoka kimya, redio itakufa mikononi mwa bibi, naye atasimamishwa mkutanoni ajibu, mimi nikiwa bara nafundishwa kwa nini imekufa. Nikisema, nafasi inapewa mwingine na Injinia anabaki kubeba nazi. Nilimuuliza bibi kwa mzaha, ikiharibika atasema nini.

"Nitawaambia mume wangu aliipima, akasema nzima."

Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti niyatapike yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijafungua mdomo akaingia ndani, akatoka na viatu vyake vya ngozi. Akasema bara watu hawaendi darasani na makubadhi. Nikavipokea. Nikasema ahsante.

Basi ninyi msionijua, nishaurini, wala msione haya kunitukana, nimezoea. Nianze kwa bibi au kwa mwenyekiti? Au nizitoe hizo betri, nivae viatu, niende zangu? Jibuni upesi. Bibi anaiwasha kila alasiri.