Nilimrudisha Bibi Harusi Ndani Mbele ya Wageni

Admin, ficha jina yangu, maana Kampala nzima inanijua. Niko Kyebando, miaka sabini na moja. Shule sikuingia, ndio maana natuma kwa sauti. Swahili nilifundishwa na mke wangu Mkenya, kwa kunigombeza.

Kazi yangu ni mdomo. Kijana akienda kwanjula, kujitambulisha kwa wakwe, mimi ndio namsemea. Wakwe wenye sura ya simba nimewachekesha mpaka meno ya bandia ikaanguka kwa sahani.

Mwaka jana mtoto wa jicho akaniziba macho yote mbili. Wakapasua ya kulia. Banange! Niliona mpaka nzi wa jirani! Nikatangaza nimekuwa kijana. Baadaye milango ikaanza kupinda, halafu doa nyeusi ikakaa katikati ya kila kitu. Nikitazama mtu, naona masikio na kofia, sura hakuna.

Daktari akasema, "Mzee, operesheni ilitoa ukungu tu. Hii ni ugonjwa ya uzee, iko nyuma ya jicho."

Nikamwambia uzee ni yake. Nyumbani sikusema kitu.

Jumamosi tulikuwa Bukoto, mimi na mke wangu, kumsemea kijana mmoja. Kwa kwanjula wasichana wanaletwa mstari kwa mstari, na mimi kwa utani nasema wetu hayumo. Sasa wakamleta bibi harusi mwenyewe. Nikapaza sauti: "Huyu siye! Mrudisheni, leteni mzuri!"

Watu wakacheka. Msichana akalia. Baba yake akauliza, "Ssebo, bwana mkubwa, umekuja kututukana?"

Tulipofika nyumbani mke wangu akasimama mbele yangu. "Mzee, ulimwona yule mtoto?"

"Nilikuwa natania."

"Haya. Mimi nimevaa miwani ama sikuvaa?"

Nikanyoosha mkono, nikapapasa uso yake. Mimi wa mdomo, najibu na vidole!

Daktari anataka kupasua ya kushoto, lakini haahidi. Anasema mpaka ukungu itoke ndio ajue huko nyuma kukoje. Hii ya kushoto inaona moshi tu. Lakini nikimsogelea mke wangu, ndani ya ile moshi ana pua, ana mdomo. Kila asubuhi nafunga ya kulia, namtafuta. Alikuwa anasema, "Unanikonyeza, na umri hii?" Namjibu ndiyo. Tangu Jumamosi haulizi tena. Ananiletea tu uso karibu.

Nikipasuliwa, na yeye akapotea kwa doa huko pia? Nikiacha, moshi inazidi kila wiki. Wanangu, nichekeni kwanza, ruhusa, halafu mniambie nishike njia gani. Lakini mtume kwa sauti, bambi. Kusoma sikujua hata nikiwa na macho.